Nomino Inapofanya Kazi ya Kivumishi

Chupa moja dukani imeandikwa "olive oil", nyingine "baby oil". Ya kwanza ina mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye zeituni. Ya pili ina mafuta ya kumpaka mtoto. Muundo wa maneno ni mmoja, ila uhusiano wake ni tofauti kabisa. Kiingereza huweka nomino mbili bega kwa bega, kisha humwachia msomaji atambue zinahusiana vipi.

Kiswahili nacho kina miundo ya namna hiyo, kama "askari kanzu" na "mbwa mwitu", lakini kwa kawaida hupitia a-unganifu. Ndiyo maana vichwa vya habari vya magazeti ya Kiingereza huwatatiza wasomaji wetu wengi. Chukua mfano huu: "School bus crash inquiry". Nomino nne, kiungo hakuna hata kimoja! Dawa yake ni kuanza kusoma kutoka mwisho. "Inquiry" ni uchunguzi. Wa nini? Wa ajali. Ajali ya nini? Ya basi. Basi lipi? La shule. Unapata "uchunguzi wa ajali ya basi la shule": mpangilio ule ule uliopinduliwa, pamoja na wa, ya na la ambazo Kiingereza hakikuzihitaji.

Neno la mwisho ndilo linalotaja kitu chenyewe. "Flower garden" ni bustani. "Garden flower" ni ua.

Hata hivyo, nomino inayotangulia, ingawa hufanya kazi ya kivumishi, haigeuki kuwa kivumishi kamili. Haisemwi "very school bus". Tena, pale ambapo kivumishi halisi kipo, maana huweza kuachana: "gold ring" ni pete ya dhahabu, lakini "golden hair" ni nywele zenye rangi ya dhahabu tu.

Wanafunzi huteleza zaidi kwenye wingi. Duka lililojaa viatu huitwa "shoe shop", na sarafu ya shilingi kumi ni "ten-shilling coin", bila "s". Kanuni hiyo ya nomino ya kwanza kubaki katika umoja inafaa kushikwa mapema, kwa sababu inatawala mifano mingi mno. Ila "customs officer", ofisa wa forodha, huhifadhi "s" yake, kwani "custom" peke yake ni desturi. Nao madaktari wanawake ni "women doctors", wingi pande zote mbili.