Dagaa Ugenini: Mwanao Atakula Nini?

Ndugu msomaji, huenda wewe nawe umepata kumsindikiza kijana wako anayekwenda kusoma au kufanya kazi ng'ambo, ukampa nasaha nyingi: asome kwa bidii, ashike adabu, ajiepushe na ulevi, asisahau kuandika. Je, ulikumbuka kumwuliza atakula nini?

Mama mmoja wa Buzebazeba, katika mji wa Kigoma-Ujiji, hakukumbuka. Mwanawe alikwenda masomoni Ulaya wakati wa baridi kali. Kila alipopiga simu alisema hajambo. Mwezi wa tatu ndipo alipokiri kwamba anaishi kwa mkate na chai, kwamba suruali hazimkai tena, na kwamba usiku huota anakula ugali wa muhogo na migebuka walioungwa kwa mawese. Mama yule alilia, kisha akafunga kifurushi: dagaa, nyama iliyokaushwa na chupa ya mawese. Kifurushi hakikumfikia mwenyewe. Kilizuiwa forodhani kwa sababu ya ile nyama, na dagaa wakapotea pamoja nayo.

Wako watakaosema kwamba hilo ni deko, na kwamba mgeni hula alichokikuta. Ni kweli kwamba mgeni hapaswi kudharau chakula cha wenyeji. Lakini mtu aliye peke yake katika chumba cha ugenini hupoteza hamu ya kula, na asiyekula vizuri hawezi kusoma wala kufanya kazi. Sahani moja ya chakula cha kwao humrudishia nguvu na moyo. Nalo jambo la kufurahisha ni hili: aghalabu chakula hicho kipo huko huko aliko, ila kimebadili jina.

ULIZA ASILI, SI JINA TU

Tuanze na dagaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa aina mbili. Warundi huwaita ndagala, na watu wa Zambia huwaita kapenta. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vifaranga vyao vilichukuliwa na kupandikizwa katika Ziwa Kivu, ambako leo huitwa sambaza. Tena mwaka 1967 na 1968 wengine walisafirishwa hadi Kariba, lile bwawa kubwa lililo mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Aina moja kati ya zile mbili ilistawi huko. Kwa hiyo kijana wa Buzebazeba aliyeko London akiingia katika duka la Waafrika akauliza dagaa, huenda muuzaji akatikisa kichwa. Na aulize kapenta, hasa katika duka linalohudumia watu wa Zambia na Zimbabwe. Atakaopewa ni samaki wenye asili ya ziwa la kwao, wahamiaji kama yeye.

Mawese nayo yana majina mengi. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi, na Wayoruba wa Nigeria huyaita mafuta yake epo pupa, yaani mafuta mekundu. Huko Brazil, yalikofika pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani, huitwa dendê. Kijana asidanganyike na mawese meupe yaliyosafishwa viwandani: hayo yamekwisha kupoteza rangi na harufu. Tena na achague chupa yenye lebo inayomtaja mtengenezaji, kwani mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana iligundua mawese sokoni yaliyotiwa rangi iitwayo Sudan IV, ambayo hairuhusiwi katika chakula. Na akiyaona yameganda kwa baridi asiyatupe akidhani yameharibika. Ayatie chupa yake katika maji ya vuguvugu, yatayeyuka.

Kisamvu, ambacho watu wa mashariki ya Kongo hukiita sombe, huuzwa Ulaya kikiwa kimetwangwa na kugandishwa, kwa jina la pondu au saka-saka. Katika jiji la Brussels upo mtaa mzima uitwao Matonge, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, ambako maduka ya vyakula vya Kiafrika ni jambo la kawaida. Lakini kugandishwa siyo kupikwa. Majani ya muhogo yana sumu, nayo hapana budi yachemshwe kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

Kwa upande wa ugali, unga wa muhogo hupatikana kwa jina la fufu. Asinunue tapioka, maana huo ni wanga mtupu, nao ukiusonga hugeuka gundi. Akikosa kabisa, unga wa polenta wa Waitaliano ni wa mahindi. Ni wa manjano na una chenga, lakini husongeka.

KIFURUSHI CHENYE AKILI

Ukitaka kutuma au kumfungashia msafiri, jua kwanza sheria za aendako. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka nchi kama yetu kuingia na nyama wala maziwa. Samaki wa kula mwenyewe huruhusiwa hadi kilo 20. Matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache kama mananasi, nazi, ndizi na tende. Uingereza na Marekani zina sheria zao, na popote pale ni heri kutaja ulichobeba kuliko kukificha. Chagua dagaa walioanikwa juu ya chanja, si mchangani, uwachambue, uwakaushe sawasawa na kuwafunga katika mifuko miwili au mitatu ili harufu isienee. Nunua mapema pia: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

JIKO NI SHULE

Hata hivyo kifurushi hakimfai asiyejua kupika. Kijana wa mama yule hakuwahi kusonga ugali maisha yake yote, kwa kuwa nyumbani kwao jiko lilikuwa la dada zake. Kilichomwokoa ni bahati. Siku moja, akiwa katika foleni ya duka, alisikia nyuma yake mtu akizungumza Kiswahili kwa simu. Alikuwa mama wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, kaskazini ya ziwa lile lile. Alimwamkia, wakajuana, naye akampeleka kwake. Jumapili tatu mfululizo alimfundisha kuosha dagaa kwa maji ya moto, kukaanga vitunguu katika mawese, na kusonga ugali usio na madonge.

Kijana alipotaka kumlipa, mama yule alikataa. Alimwambia kwamba vita vilipozuka kwao mwaka 1996 yeye na nduguze walivuka ziwa kwa mashua wakafika Kigoma, na kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu waliandaliwa ugali wa muhogo na dagaa na watu wasiowajua. Walikula wakajiona hawajatoka kwao.

Basi, msomaji, leo jioni usimwite binti yako peke yake jikoni. Mwite na kaka yake, umpe mwiko. Na mgeni wa ng'ambo ya ziwa akipita mlangoni pako, mkaribishe, umwulize kwao chakula hiki wanakiitaje.