Michezo ya simu pekee haitoshi kuukinga ubongo na dimensia

Mkazi wa Tegeta au Mbagala mwenye simu janja anaweza leo kupakua programu ya mazoezi ya ubongo, yaani michezo ya kukumbuka picha, kupanga namba au kuunda maneno. Baadhi ya programu hizo hutangazwa kuwa kinga dhidi ya dimensia, maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujihudumia. Je, madai hayo yana ukweli kiasi gani?

Dimensia si tatizo la mataifa tajiri pekee. Utafiti uliofanyika mwaka 2010 wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na hali hiyo. Familia nyingi huiona kuwa ni uzee tu, hivyo mgonjwa huchelewa kufikishwa kwa wataalamu.

Kuhusu michezo ya simu, ushahidi uliopo una mipaka. Anayerudia mchezo mara kwa mara huumudu zaidi mchezo huo. Haimaanishi kwamba atakumbuka vizuri zaidi dawa zake au hesabu za duka lake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unaeleza kuwa mazoezi ya akili yanaweza kutolewa kwa wazee, lakini unabainisha kuwa ushahidi wake ni hafifu. Nchini Marekani, kampuni inayomiliki programu ya Lumosity ilikubali mwaka 2016 kulipa Dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya kuwapotosha wateja kuhusu manufaa ya michezo yake.

Hata hivyo, mtu wa makamo anayo nafasi kubwa ya kujikinga. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilibainisha mwaka 2024 kuwa takriban asilimia 45 ya visa vya dimensia duniani vingeweza kuzuilika au kucheleweshwa iwapo visababishi hatarishi 14 vingedhibitiwa. Miongoni mwake ni shinikizo la juu la damu, kisukari, lehemu nyingi, uvutaji wa sigara, unywaji pombe kupita kiasi, kutofanya mazoezi ya mwili, upungufu wa kusikia na upweke.

Shinikizo la juu la damu linastahili uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kuwa takriban asilimia 26 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa nalo. Kwa kawaida halina maumivu, lakini kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo inayopeleka damu kwenye ubongo na huweza kusababisha kiharusi. Hatari iliyopo ni mtu kuridhika na alama anazopata kwenye simu, ilhali hajawahi kupimwa.

Hivyo basi, mwananchi mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea anashauriwa kupima shinikizo la damu na sukari katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, na aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu tu anajisikia vizuri. Aidha, atembee kwa miguu, apunguze chumvi na atibiwe masikio yanapopoteza usikivu. Bao, drafti na mazungumzo ya barazani hushughulisha akili na huondoa upweke kwa wakati mmoja.

Anayependa michezo ya simu hana sababu ya kuiacha, ila asiilipie kwa fedha za matibabu. Na pale ndugu anapoanza kupotea njia aliyoizoea, kurudia swali lilelile au kushindwa kuhesabu chenji, apelekwe kituo cha afya mapema, ambako anaweza kupewa rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa kama vile Mwananyamala au Temeke.