Francis Cheka alipigana na nani?

Hapa Suma, wilayani Rungwe, ukilitaja jina la Francis Cheka mahali penye watu watano wanaopenda ngumi, utapata kambi mbili kabla chai haijapoa. Kambi ya kwanza inamwita mbabe wa kweli, bondia aliyetawala uzito wa kati wa Tanzania kwa takriban miaka kumi na kuleta mkanda wa dunia nyumbani. Kambi ya pili haibishi kwamba alishinda. Inauliza swali moja tu: alimpiga nani?

Swali hilo ni la haki, na sisi tunaomheshimu Cheka hatupaswi kulikwepa. Bondia aliyestaafu hawezi tena kujitetea ulingoni. Anayebaki kumtetea ni rekodi yake, na thamani ya rekodi inatokana na watu waliosimama kona ya pili. Wakulima wa chai wa Rungwe wanaijua vizuri kazi ya kupima: jani likifika kituoni, karani hutoa kwanza uzito wa kapu ndipo aandike kilo. Rekodi ya bondia nayo tuitolee uzito wa kapu, yaani vibonde, kisha tuone kilichobaki.

Nikiipima hivyo, naona kwamba Cheka anastahili heshima kubwa, lakini si kwa sababu ile inayotajwa mara nyingi. Mkanda wa dunia haukumfanya kuwa mkubwa. Ukubwa wake uko katika mapambano mengine, likiwemo moja alilolipoteza.

Mjadala wa uzito wa juu

Mjadala huu haukuanzia kwetu. Mabingwa wa dunia wa uzito wa juu wamekuwa wakiulizwa swali hilo hilo kwa karibu miaka mia. Joe Louis aliushikilia ubingwa tangu 1937 hadi 1949 na kuutetea mara 25, idadi ambayo hakuna bingwa wa uzito huo aliyeifikia. Hata hivyo, mwaka 1941, alipokuwa akipanda ulingoni karibu kila mwezi, waandishi wa Marekani waliwadhihaki wapinzani wake kuwa ni vibonde wa mwezi. Rocky Marciano alistaafu akiwa na ushindi 49 bila kupoteza hata pambano moja. Wanaompinga wanakumbusha kwamba Louis aliyepigwa na Marciano mwaka 1951 alikuwa na miaka 37, na kwamba Jersey Joe Walcott na Archie Moore nao walikuwa watu wazima.

Larry Holmes alishinda mapambano 48 mfululizo kabla ya Michael Spinks kumshinda kwa pointi mwaka 1985, pambano moja tu kabla ya kumfikia Marciano. Ushindi wake wenye jina kubwa kuliko yote, dhidi ya Muhammad Ali mwaka 1980, haukumwongezea heshima. Ali alikuwa na miaka 38 na mwili wake ulikuwa umechoka. Kila aliyeona pambano lile alimhurumia aliyepigwa kuliko alivyomsifu aliyepiga. Ali mwenyewe hana shida na swali letu, kwa kuwa majibu yake yanajulikana kwa majina: Sonny Liston, Joe Frazier, Ken Norton, na George Foreman aliyeangushwa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974.

Funzo kubwa zaidi linatoka kwa Wladimir Klitschko wa Ukraine. Alikaa zaidi ya miaka 11 bila kupoteza pambano, na bado wengi walisema zama zake hazikuwa na wapinzani. Tyson Fury alimvua mikanda Düsseldorf mwaka 2015. Kisha Aprili 2017, akiwa na miaka 41, Klitschko alipanda ulingoni Wembley mbele ya watu wapatao 90,000, akamwangusha Anthony Joshua, naye akaangushwa, mpaka akasimamishwa raundi ya 11. Miezi michache baadaye alistaafu. Wapo waliomdharau kwa miaka yote aliyoshinda, wakamheshimu usiku ule alioshindwa. Pambano dhidi ya mtu imara huonyesha ukweli wa bondia, ashinde au ashindwe.

Wapinzani wa nyumbani

Turudi kwa Cheka. Alizaliwa 1982 Dar es Salaam, lakini jina lake alilijengea Morogoro, akijulikana kwa jina la ulingoni la SMG. Uzito wake wa super middle una ukomo wa kilo 76 hivi. Katika uzito huo na jirani zake, aliwakabili karibu wote waliokuwa na jina nchini wakati wake: Rashid Matumla, Japhet Kaseba, Mada Maugo, Karama Nyilawila na Thomas Mashali.

Kambi ya pili ina hoja hapa, na tuipe nafasi yake. Matumla, Snake Boy, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa WBU, ni mkubwa kwa Cheka kwa zaidi ya miaka kumi. Walipokutana, alikuwa ameingia umri ambao mabondia wengi huwa wameshatundika glovu. Kaseba alitoka kwenye kickboxing. Mtu anaweza kuyapunguza majina hayo, moja baada ya jingine, kama Marekani inavyoyapunguza majina ya wapinzani wa Marciano.

Lakini bingwa hana uwezo wa kuwazaa wapinzani wake. Hupigana na waliopo. Cha kuuliza ni kama alimkwepa yeyote, na Cheka hakukwepa. Mashali, aliyeuawa Dar es Salaam Oktoba 2016 na kuacha pengo kubwa katika ngumi zetu, alikuwa kijana mwenye njaa na nguvu, aina ya mpinzani ambaye bingwa mwenye hesabu za woga humzungushazungusha mpaka apoe. Cheka alikubali kupigana naye mwaka 2013 na kumshinda. Yeyote aliyetaka heshima yake alijua mahali pa kumpata.

Tuitazame pia hali ya ngumi zenyewe katika miaka hiyo. Mwaka 1998 Michael Yombayomba alileta dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur. Baada ya hapo Tanzania haikupata tena medali ya ngumi katika michezo hiyo mpaka 2022 Birmingham, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walipopata shaba. Karibu kazi yote ya Cheka imo ndani ya pengo hilo la miaka 24. Ngumi za ridhaa ndizo shule ya ngumi za kulipwa. Shule ikidhoofika, bingwa atakosa wanafunzi wa kupimana nao, na kosa hilo si lake.

Mkanda wa 2013

Tarehe 30 Agosti 2013, katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Cheka alimshinda Mmarekani Phil Williams kwa pointi na kutwaa ubingwa wa dunia wa WBF. Nchi ilisherehekea, na ilikuwa haki yake kusherehekea. Lakini ngumi za dunia zina mashirikisho manne makubwa: WBA, WBC, IBF na WBO. WBF haimo. Mwaka huo huo mikanda mikubwa ya uzito wa super middle ilikuwa kwa watu wengine, akiwemo Andre Ward wa Marekani na Carl Froch wa Uingereza, na Cheka hakuwahi kukutana nao.

Kusema hivyo si kumvunjia heshima. Tunajidhuru sisi wenyewe tukiwaambia vijana kwamba mikanda yote ni sawa, maana kijana atakayeamini hivyo ataridhika mapema. Ushindi dhidi ya Williams ulikuwa ushindi mzuri wa nyumbani dhidi ya mgeni aliyekuja kupigana. Vivyo hivyo ushindi wa Februari 2016 dhidi ya Mserbia Geard Ajetovic, Dar es Salaam, uliompa mkanda wa mabara wa WBF. Tuuite kila ushindi kwa jina lake, tusiuongezee.

Manchester na New Delhi

Pambano ninalolitaja mimi ninapoulizwa alipigana na nani, ni lile la Manchester mwaka 2008. Cheka alikwenda Uingereza kukabiliana na Matthew Macklin mbele ya mashabiki wa Macklin, akamaliza raundi zote kumi na kushindwa kwa pointi. Huyo Macklin miaka mitatu baadaye alipigania ubingwa wa WBA na Felix Sturm Ujerumani, akashindwa kwa uamuzi wa majaji waliogawanyika, uamuzi ambao wengi waliupinga. Mwaka 2012 alimwangusha Sergio Martínez kabla ya kona yake mwenyewe kusimamisha pambano baada ya raundi ya 11. Mwaka 2013 Gennady Golovkin alimmaliza raundi ya tatu. Mtanzania aliyesafiri kutoka Morogoro, bila kambi ya mazoezi inayofanana hata kidogo na ya mwenyeji wake, alisimama na mtu wa daraja hilo mpaka kengele ya mwisho. Katika rekodi inaandikwa kuwa ni kipigo. Kwangu mimi, kina uzito kuliko ushindi kumi dhidi ya vibonde.

Upande mwingine uko New Delhi. Tarehe 17 Desemba 2016 Cheka, akiwa na miaka 34, alimkabili Vijender Singh, Mhindi aliyepata shaba ya Olimpiki Beijing 2008. Aliingia na rekodi ya mapambano 43 na ushindi 32, kati yake 17 kwa KO. Vijender alikuwa na mapambano saba tu ya kulipwa. Pambano lilisimamishwa raundi ya tatu. Siku hiyo hesabu iligeuka: jina la Cheka, lililojengwa kwa jasho la miaka mingi, lilitumika kunenepesha rekodi ya mwingine. Kambi ya pili huitaja New Delhi kama ushahidi kwamba Cheka hakuwa wa daraja la dunia. Nami nasema, kama hatumpi Holmes sifa kwa kumpiga Ali aliyechoka, basi tusimhukumu Cheka kwa usiku wa machweo yake na kuusahau usiku wa Manchester, alipokuwa kijana.

Nani anachagua wapinzani?

Tukiishia kwa Cheka peke yake tutakuwa tumeuacha mzizi. Mpinzani huchaguliwa na fedha. Promota asiye na fedha za kumleta bondia imara kutoka nje humleta anayekubali malipo madogo, na mara nyingi huyo ni mtu asiye na mazoezi. Kwa miaka mingi ngumi zetu za kulipwa zilikuwa chini ya vyama kadhaa vinavyogombania mamlaka, TPBO, PST na TPBC, kila kimoja na mapambano na mabingwa wake. Katika hali hiyo, kumnenepesha bondia kwa vibonde lilikuwa jambo jepesi kuliko kumkuza.

Baada ya kuutwaa mkanda wa WBF, Cheka alirudi darasani Morogoro, bingwa mzima akikaa na watoto wa sekondari, ili ajifunze Kiingereza aweze kuelewana na watu wa ngumi wa nje. Ukifikiri jambo hilo vizuri utaona kwamba hata uwezo wa kujua umekubali kupigana na nani, kwa masharti gani, ulikuwa nje ya mikono yake kwa muda mrefu. Alijitahidi kuukamata mwenyewe, na kitendo hicho nacho ni sehemu ya urithi wake.

Tofauti inayoletwa na mpinzani mmoja wa kweli tuliiona Septemba 2018, Hassan Mwakinyo alipokwenda Birmingham kama mtu wa kujazia nafasi, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili. Kwa pambano moja la ugenini Mwakinyo alipanda katika orodha za ubora za dunia kuliko ambavyo ushindi mwingi wa nyumbani ungempandisha.

Hukumu

Cheka hakuwa bingwa wa dunia kwa maana ile ya Ward na Froch. Alikuwa bingwa wa Tanzania kwa maana kamili: aliwakubali wote, aliwashinda wengi wao, na alitoka nje kupimwa na watu waliomzidi maandalizi. Zaidi ya hapo, aliyafanya akiwa Morogoro. Sisi wa Suma, tulio karibu kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, tunajua uzito wa jambo hilo. Kijana wa Rungwe mwenye mikono mizuri huambiwa mapema kwamba bila kuhamia Dar hatakuwa chochote. Cheka aliishi mkoani, akafanya mazoezi mkoani, na wakubwa wa Dar wakalazimika kulitaja jina lake.

Tangu 2018 ngumi za kulipwa zinasimamiwa na kamisheni moja, TPBRC. Naiomba kamisheni hiyo ifanye mambo mawili. Kwanza, isiidhinishe pambano lenye pengo kubwa la uwezo, kwa kuwa huyo kibonde naye ni mtoto wa mtu na ana ubongo mmoja tu. Pili, iandike na kuhifadhi kumbukumbu za mapambano ya mabondia wetu wastaafu, tangu Matumla mpaka Cheka, zikionyesha walipigana na nani, wapi, na katika hali gani. Halmashauri zetu nazo, ikiwemo ya Rungwe, zitenge ukumbi na vifaa vya ngumi za ridhaa, kwani huko ndiko wapinzani bora wa kesho wanakotoka.

Na wewe msomaji, siku mjadala huu utakapoanza tena, usihesabu mikanda. Taja wapinzani, taja miaka yao, taja walikopigania. Francis Cheka akipimwa hivyo, heshima yake itabaki palepale.