Je, Wajua? Kuku, Dawa na Usugu

Singida inasifika kwa mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji, ambao hupakiwa kwenye matenga kwenda kuuzwa hadi Dar es Salaam. Je, wajua kuwa kuku na mfugaji wanaweza kuambukizana bakteria wasiosikia dawa?

• Kideri, au mdondo, husababishwa na kirusi, ilhali antibayotiki huua bakteria tu. Lakini kuku wakianza kusinzia na kuharisha kijani, wapo wafugaji wanaokimbilia duka la dawa za mifugo kununua oksitetrasaiklini, ule unga wa njano, na kuukoroga kwenye maji. Kirusi hakishtuki. Wanaokufa ni bakteria dhaifu wa tumboni. Sugu hubaki na kuzaliana.

• Mwaka 1976, mtafiti Stuart Levy na wenzake walichapisha utafiti wa shamba moja nchini Marekani ambako kuku walilishwa chakula chenye oksitetrasaiklini hiyohiyo. Wiki moja tu ilitosha: karibu bakteria wote wa matumbo yao walikuwa sugu. Miezi mitano hadi sita baadaye, usugu huo ulishaongezeka kwa watu wa shambani hapo, lakini si kwa majirani.

• Bakteria hugawiana usugu. Mmoja humpa mwenzake kipande kidogo cha vinasaba kiitwacho plazmidi, hata kama si wa aina moja. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kuwa wamekuta China kinasaba cha namna hiyo, mcr-1, kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Kinazuia kolistini, dawa inayowekwa akiba hospitalini nyingine zikishindwa.

• Nyama ikiiva vizuri, bakteria hufa. Hatari ipo kwenye mikono iliyochinja, samadi mbichi bustanini, na kisu kilichokata kuku kisha kikakata nyanya. Kachumbari haipiti motoni.

• Chanjo ya kideri inayostahimili joto hutengenezwa hapahapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Kuku hupewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Mfugaji, chanja kuku kabla hawajaugua, na wakiugua mwite mtaalamu wa mifugo kabla ya kwenda dukani. Ukishawapa dawa, usiuze mayai wala nyama mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.