Kisiwani na santuri 8: Mkisii angebeba muziki gani?

IWAPO ungeambiwa leo kwamba unapelekwa katika kisiwa kisicho na mtu, na kwamba umeruhusiwa kubeba santuri 8 pekee za muziki, ungechagua zipi?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko wasomaji wengi wa makala haya. Lilianza kuulizwa Januari 29, 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, pale mtangazaji Roy Plomley alipoanzisha kipindi cha Desert Island Discs katika redio ya BBC. Mgeni wa kwanza alikuwa mchekeshaji Vic Oliver, na kipindi hicho kingali hewani. Mgeni huteua santuri 8 na kueleza sababu ya kila moja, kisha hukubaliwa kitabu 1 na kitu 1 cha anasa ambacho hakiwezi kumsaidia kutoroka. Biblia na kazi za Shakespeare hukabidhiwa bila kuomba.

Kwa mkazi wa kaunti za Kisii na Nyamira, kisiwa chenyewe ni jambo la kufikirika tu. Kaunti hizo mbili hazina hata hatua moja ya ufuo wa Ziwa Victoria. Atakaye kisiwa kisicho na makazi itambidi ateremke hadi Kisumu na kuvuka kwenda Ndere, ambayo tangu 1986 ni mbuga ya taifa.

Hata hivyo, si lazima upweke uzungukwe na maji. Abagusii waliohamia jimbo la Minnesota, Marekani, ambako wengi wao wamefanya makazi, wanaufahamu vyema, hasa Januari theluji inapoziba mlango. Hao walikwisha kulijibu swali la Plomley siku walipofunga mizigo, ingawa huenda hawakujua kwamba wanaulizwa.

Tatizo la kwanza ni neno lenyewe, albamu. Vijana husema albamu wakimaanisha mkusanyiko wa nyimbo 10 au zaidi ulioandaliwa uwe kazi moja. Muziki wa benga uliotia fora Kenya katika miaka ya 1970 haukuuzwa hivyo. Uliuzwa kwa santuri ndogo zenye kasi ya mizunguko 45 kwa dakika, kila upande ukibeba takriban dakika 4. Wimbo mmoja mara nyingi ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulitoa kisa, na ule wa pili ukaachiwa magitaa yakimbizane. Mwenye kuifahamu benga atakwambia kwamba utamu ulikuwa upande wa pili, baada ya kuinuka kitini na kuigeuza santuri.

Si lazima santuri hizo zitengenezwe mbali. Mjini Kericho, mwendo mfupi tu kutoka Nyamira, kampuni ya Chandarana ilirekodi wanamuziki wa magharibi mwa Kenya wa lugha mbalimbali. Baadaye zikaja kanda, na hapo ndipo nyimbo zilipoanza kukusanywa pamoja, ingawa mara nyingi mkusanyaji alikuwa mwenye duka wala si msanii. Kwa hivyo anayedai albamu bora ya Ekegusii ya mwaka 1975 anadai kitu ambacho aghalabu hakikuwapo. Afadhali ahesabu nyimbo.

Nafasi ya kwanza kati ya hizo 8, kwa maoni ya mwandishi huyu, haina mjadala. Ni ya obokano.

Obokano ni ala ya nyuzi yenye umbo la bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na mikono miwili inayoshikilia mti wa kukingama juu yake. Ina nyuzi 8, idadi ile ile ya santuri za Plomley, ijapokuwa hilo ni sadfa tupu. Zamani nyuzi zilisukwa kwa kano za mnyama; siku hizi nailoni imechukua mahali pake. Ni kubwa kuliko nyatiti ya Wajaluo, nayo huwa na nyuzi 8 vilevile, na sauti yake ni nzito kiasi kwamba wataalamu wameifananisha na gitaa kubwa la besi. Nyuzi zimewekwa karibu na ngozi, hivyo zinapochezwa huvuma na kutetema. Mvumo huo ndio roho ya ala. Asiyeuzoea hudhani kuna kitu kimelegea.

Kutokana na uzito huo, obokano haipatani na simu ya mkononi. Kipaza sauti kidogo cha simu huimeza sauti ya chini na kubakisha mkwaruzo tu. Atakayeibeba kisiwani sharti abebe pia spika za haja, la sivyo atakuwa amebeba nusu ya wimbo.

Nyatiti ilipata bahati ya kuvuka bahari pale Ayub Ogada alipotoa En Mana Kuoyo mwaka 1993 kupitia kampuni ya Real World ya Uingereza. Obokano haikupata umaarufu wa kadiri hiyo. Hata hivyo haijazikwa, kwani mshairi na mwanamuziki Grandmaster Masese ameipandisha katika majukwaa ya mijini, akiichanganya na ushairi wake mbele ya vijana ambao pengine waliiona mara ya kwanza siku hiyo.

Nafasi mbili zinazofuata ningempa Christopher Monyoncho, aliyefariki 2013. Kwa wasikilizaji wengi wa Gusii waliokuwa na redio, yeye ndiye benga yenyewe. Bendi ya Bonyakoni Kirwanda nayo inastahili moja.

Baada ya hapo mambo huwa magumu, kwa sababu kanisa huingia. Wakatoliki walifungua misheni yao Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato wakafika Nyanchwa mwaka uliofuata. Tangu hapo pamekuwa na muziki wa aina mbili katika boma moja. Kwaya za Waadventista hujulikana kwa kuimba bila ala, sauti nne zikipangwa kwa ustadi ambao hata asiye muumini huusimamia. Katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira, benga hunyamazishwa Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jioni. Mume na mke wakitakiwa wachague santuri 8 za pamoja, hapo ndipo utajua nani mwenye nyumba.

Kuna pia muziki usiobebeka. Esimbore, wimbo wa jando, huimbwa na umati ukimsindikiza kijana aliyetahiriwa, asubuhi ya baridi ya mwisho wa mwaka. Ukiuweka kwenye santuri na kuusikiliza peke yako chini ya mnazi, umebaki na maneno bila watu. Huo uachwe nyumbani.

Zilizosalia ni za majirani. Ningemchukua Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki katika ajali ya barabarani Mombasa mwaka 1979, kwa sababu gitaa lake lilisikika hadi vilimani Manga sawa na kwao. Vijana watanikemea nisipomtaja Nyashinski, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Nyamari Ongegu na ambaye albamu yake Lucky You ilitoka 2020. Hiyo angalau ni albamu kamili.

Lakini kuteua ni rahisi kuliko kupata. Milima ya Gusii hupokea mvua karibu mwaka mzima, na unyevu ni adui wa kanda. Utepe hunata, kuvu huota, na santuri iliyoegemezwa ukutani hupinda. Nyimbo nyingi za zamani zimesalia tu kwa sababu mtu fulani alizihamishia katika kompyuta ya kibanda cha mjini, kutoka huko zikamiminwa katika flashi za matatu. Huko ndiko jina la mtunzi hupotelea. Faili huandikwa "Wimbo 07", na ikishanakiliwa mara 100 hakuna ajuaye ni nani aliyeimba.

Hasara hiyo si ya hisia tu. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, utunzi wa muziki hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi, ilhali rekodi yenyewe hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi ya mwaka 1970 iliisha ulinzi wake 2020 ilipofika tamati. Ila tungo za mtu aliyefariki 2013 zinaendelea kuwa mali ya warithi wake hadi mwisho wa 2063. Warithi hao watadai vipi chochote kwa "Wimbo 07"? Mwenye kanda za baba yake darini na aziteremshe sasa, aandike jina la mwimbaji, la wimbo na mwaka akiujua, kabla ya kuzipeleka kunakiliwa.

Kinabaki kitu cha anasa. Wageni wengi wa BBC wameomba piano. Mkisii angeomba obokano, na kanuni zingemruhusu, kwa kuwa haielei vya kutosha kumvusha mtu. Asisahau tu nyuzi za akiba za nailoni, maana kisiwani hakuna ng'ombe wa kutolewa kano.