Fahamu: Toleo jipya la programu hutokaje bila mkono wa mtu?

Karani wa takwimu katika kituo cha afya, Koboko au Arua, huingiza hesabu ya wagonjwa wa malaria kwenye DHIS2, mfumo ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Wizara ya Afya ya Uganda. Nyuma ya mfumo huo kuna mamia ya vifurushi vidogo vya programu.

Zamani msanidi alibadili mwenyewe namba ya toleo la kifurushi, akaandika amri, akapakia. Akisahau hatua moja, kazi imeharibika. Sasa mashine ndiyo mchapishaji: msimbo ukikubaliwa na kupita majaribio, 2.4.1 huwa 2.4.2 kwa kosa lililorekebishwa, au 2.5.0 kwa kipengele kipya, kisha kifurushi hutoka.

Raha hiyo ina bei yake: mashine huhitaji ufunguo wa kuchapishia, nao unaweza kuibwa. Septemba 2025 kirusi Shai-Hulud kiliiba funguo za wasanidi wanaochapisha kwenye ghala la vifurushi la npm, kikachapisha chenyewe matoleo yenye sumu. Vifurushi zaidi ya 500 viliondolewa. Ghala hilo tayari lilikuwa na dawa: ufunguo wa dakika chache, unaotolewa kwa kila uchapishaji.

Kama unachapisha vifurushi ukiwa Arua, futa ufunguo wako wa muda mrefu leo, utumie huo wa dakika chache.