Gobore la babu limebaki darini, familia ifanye nini?

Mzee anapofariki, ndugu hukaa kikao cha mirathi. Mikorosho hugawanywa, shamba la ufuta hugawanywa, nyumba huachiwa mjane. Kisha mmoja hukumbuka kwamba darini kuna kitu kimeviringishwa kwenye gunia. Ni gobore la marehemu. Hapo kikao hupoa. Nani alichukue? Lilikuwa na kibali? Na ile baruti iliyobaki kwenye kopo, watoto hawajaiona?

Maswali hayo yanazihusu familia za Rondo, kwenye uwanda wa juu ulio ndani kidogo kutoka mji wa Lindi, kama yanavyozihusu familia nyingi za vijiji vya kusini. Miaka 50 iliyopita pengine ndugu wangegombania gobore hilo. Leo wengi wangependa lisiwe mikononi mwao. Katikati ya nyakati hizo mbili sheria zimebadilika, lakini kuna jambo jingine lililofanya kazi kimyakimya ndani ya nyumba: risasi na baruti zimekuwa adimu, na bunduki isiyo na cha kupigia humfanya mtu aitazame upya.

Usiku kwenye dungu

Asiyelima kusini hawezi kuelewa kwa nini bunduki iliheshimiwa. Mchana ngedere na nyani huingia shambani, usiku huingia nguruwe pori, na nguruwe wachache huweza kumaliza muhogo au mahindi ya msimu mzima kabla ya alfajiri. Kwa hiyo familia huhamia shamba. Hujenga dungu, huwasha moto, huamia kwa zamu. Baba akiwa na gobore, mama na watoto hulala wakiwa na moyo.

Ukweli ni kwamba gobore si silaha ya kutegemea sana. Hujazwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha marisau au kipande cha chuma, na vyote hushindiliwa kwa ufito. Likishalia mara moja, mwenyewe hubaki mikono mitupu hadi ajaze upya gizani. Ndiyo maana mlio wake ulikuwa na faida kuliko shabaha yake. Nguruwe walikimbia, na jirani wa shamba la pili akajua kuwa kuna mtu macho.

Baruti nayo ina hesabu yake. Aliyepiga digidigi amepata kitoweo. Aliyepiga nguruwe, kwa familia nyingi za Kiislamu za ukanda huu, ameokoa muhogo tu, hana nyama ya kupika wala ya kuuza. Kadiri baruti ilivyopanda bei na kuwa ngumu kupatikana, ndivyo watu walivyoacha kuitumia kwa nguruwe. Wengine walirudi kwenye madebe, mbwa na kupiga kelele.

Na nyuma ya nguruwe alikuja simba. Mwaka 2005 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Tanzania, ulioonyesha kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Mashambulizi yalizidi kati ya Machi na Mei, msimu wa mavuno, na watafiti waliyahusisha na wingi wa nguruwe pori: simba humfuata nguruwe hadi shambani, na shambani humkuta binadamu aliyelala kwenye kibanda cha nyasi. Wakati huo wanyama wengine wanaoliwa na simba walikuwa wamepungua vichakani.

Kwa wazazi wa kusini hizo hazikuwa takwimu. Zilikuwa usiku wa kuhesabu watoto kabla ya kulala. Baadhi ya vijiji viliamini kwamba ni simba wa kutumwa, ambao hawafi kwa risasi ya kawaida, na imani hiyo iliongeza hofu na kuwafanya majirani watazamane kwa jicho baya. Mwenye gobore la risasi moja alijua moyoni kwamba halimfai mbele ya simba, lakini hakuwa na kingine.

Uhaba wa tangu enzi

Risasi hazijawahi kuwa nyingi mikononi mwa wananchi wa ukanda huu, na haikutokea kwa bahati. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizibana bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha mwanya kwa bunduki za kizamani na baruti ya kawaida. Gobore likabaki kuwa silaha ya mwananchi, na bunduki za kisasa zikawa za serikali.

Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905 katika milima ya Wamatumbi, wilayani Kilwa, ujumbe wa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe uliwafikia watu waliokuwa na mikuki, mishale na magobore machache. Maji yale yangeigeuza risasi ya Mjerumani kuwa maji. Ahadi hiyo inaeleweka zaidi ukikumbuka nani alikuwa na risasi na nani hakuwa nazo. Wamwera nao waliingia vitani, na misheni ya Nyangao, isiyo mbali na Rondo, ilichomwa moto. Waliojisalimisha walitakiwa kukabidhi silaha zao.

Miaka michache baadaye Wajerumani wenyewe wakaonja uhaba huo. Katika Vita Kuu ya Kwanza meli za Waingereza zilifunga pwani, na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck likawa linaishi kwa kuhesabu risasi. Mwaka 1916 meli ya Marie ilipenya hadi ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, ikashusha mizinga na risasi, na wapagazi wakazibeba vichwani kuelekea bara. Oktoba 1917 yakatokea mapigano ya Mahiwa, katika eneo hilo hilo la Nyangao. Wajerumani waliwazuia Waingereza, lakini risasi zao nzuri zilikuwa karibu kwisha, na wengi walibaki na bunduki kuukuu zinazotoa moshi wa kumwonyesha adui mpigaji alipo.

Novemba mwaka huo Ujerumani ilirusha chombo kikubwa cha angani, L59, kutoka Bulgaria, kikiwa na takriban tani 15 za shehena, zikiwemo risasi na dawa, kiwafikie askari hao wa kusini. Kilifika anga ya Sudan kikaamriwa kurudi. Lettow-Vorbeck akavuka mto Ruvuma tarehe 25 Novemba na kuwanyang'anya Wareno risasi zao kule Ngomano. Nyuma yake walibaki wanakijiji ambao chakula chao kilikuwa kimeliwa na majeshi yote mawili.

Bunduki ikaanza kutiliwa shaka

Baada ya Uhuru nchi ilijenga kiwanda chake, Shirika la Mzinga la Morogoro, miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Lakini kilichobadilisha macho ya watu kuhusu bunduki za kijijini kilikuwa tembo. Mwaka 1976 hesabu ya tembo katika Pori la Akiba la Selous ilikuwa karibu 109,000. Mwaka 2013 katika mfumo wote wa Selous na Mikumi walihesabiwa kama 13,000. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilikuwa na vita hadi mwaka 1992, na vita hivyo viliongeza silaha katika eneo zima la mpakani.

Serikali ilijibu kwa Operesheni Uhai mwaka 1989, kisha Operesheni Tokomeza mwaka 2013. Tokomeza ilisimamishwa baada ya wiki chache kufuatia malalamiko ya wananchi kuteswa na kuonewa, na mawaziri 4 wakapoteza nafasi zao. Kwa mkulima wa kawaida somo lilikuwa moja: mwenye bunduki anaweza kugongewa mlango usiku, awe jangili au asiwe. Baba aliyeonekana mlinzi wa kijiji akaanza kuonekana mtu wa kuchunguzwa.

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Gobore nalo ni silaha mbele ya sheria, hata likiwa limetengenezwa na mhunzi wa kijijini. Anayelimiliki anahitaji leseni, na anayelitengeneza bila ruhusa anatenda kosa. Yaliyotokea Kibiti mwaka 2017, ambako askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja na silaha zao kuporwa, yaliondoa kwa wengi huruma iliyokuwa imebaki kwa silaha isiyo na karatasi.

Hatari iliyoletwa na uhaba

Hapa ndipo mzazi anapotakiwa kutulia na kusoma vizuri, kwa sababu watu wengi hudhani uhaba wa risasi umepunguza hatari nyumbani. Kwa gobore, mambo huenda kinyume.

Bunduki ya kisasa hutolewa risasi kwa mkono, ikawekwa kando. Gobore lililoshindiliwa haliondolewi baruti kirahisi namna hiyo. Njia ya kawaida ya kulimaliza ni kulipiga. Sasa mwenye baruti ya kuungaunga hataki kuipoteza hewani asubuhi ati kwa sababu nguruwe hawakuja. Hulirudisha nyumbani vilevile, akalisimamisha nyuma ya mlango au kulipandisha darini, likisubiri usiku mwingine. Likakaa wiki, likakaa mwezi. Mwenyewe akiugua au akifariki, hakuna anayejua kama limejazwa. Mtoto wa miaka 8 anayelikuta anaona chuma chenye kutu na kuanza kucheza vita.

Uhaba umeleta na ubunifu wa hatari. Pasipo baruti ya dukani hutumika michanganyiko ya kienyeji ambayo hakuna aliyeipima nguvu yake, ndani ya mtutu uliotokana na bomba la maji. Bomba hilo halikutengenezwa kubeba mlipuko. Likipasuka, vidole na macho yanayopotea ni ya anayelishika, na ya aliyesimama karibu yake.

Marekani, yenye bunduki za kiraia nyingi kuliko idadi ya watu wake, ilikumbwa na uhaba wa risasi wa namna nyingine mwaka 2020 wakati wa korona. Watu walinunua silaha kwa hofu, maduka yakaishiwa, na waliopata risasi wakazirundika nyumbani. Mwaka huohuo bunduki zilipita ajali za magari na kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa nchi hiyo. Wazazi wa huko wanazo kabati za chuma na kufuli za bunduki, na bado wanazika. Nyumba ya Rondo ina dari la fito.

Bunduki hairithiwi kama mkorosho

Wasimamizi wa mirathi wengi hukosea hapa. Leseni ya silaha ni ya mtu, haihamii kwa mtoto wa kwanza wa kiume kwa sababu tu ukoo umekubaliana. Mmiliki akifariki, familia inapaswa kuitaarifu Polisi na kuikabidhi silaha. Anayetaka kuimiliki huomba upya kwa jina lake, na maombi hupitia kwenye kamati za ulinzi na usalama kuanzia ngazi ya chini. Silaha yenye leseni ni rahisi kushughulikia. Isiyo na leseni ndiyo huwanyima watu usingizi, kwani wanaogopa kwamba kuipeleka ni kujishtaki.

Kwa hao ipo njia. Umoja wa Afrika uliutangaza Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa silaha haramu, kwanza hadi mwaka 2020, kisha ukauongeza hadi 2030. Nchini Tanzania Serikali hutangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari, na anayesalimisha ndani ya kipindi hicho hashtakiwi kwa kumiliki. Matangazo hayo hutaja muda na mahali pa kupeleka, hivyo yasikilizwe vizuri redioni au yaulizwe kwa mtendaji wa kijiji. La muhimu zaidi ni namna ya kulishika. Msilishushe darini wenyewe kulikagua. Msilichokonoe kwa ufito kuona kama limejazwa, wala msilitupe mtoni au kulizika shambani, ambako jembe la mwingine litalikuta. Watoeni watoto ndani ya nyumba na mumwite polisi kata au kituo kilicho karibu aje anayejua kazi hiyo.

Na shamba je? Hilo ndilo swali ambalo mkulima huuliza kabla ya kukabidhi chochote, na ana haki kuliuliza. Tembo wamerudi kusumbua katika wilaya za Liwale na Nachingwea, na watu wamepoteza maisha. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, hutuma askari wenye mabomu baridi na ndege nyuki, na huwafundisha askari wa wanyamapori wa vijiji, lakini vijiji ni vingi na askari ni wachache. Wapo wanaopanga mizinga ya nyuki pembezoni mwa shamba, kwa kuwa tembo huogopa nyuki. Wapo wanaozungushia kamba zenye vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili ya unga. Harufu hiyo humrudisha tembo, ila mvua ikinyesha lazima vilowekwe upya.

Kwa nguruwe na simba, watafiti walisisitiza kupunguza nguruwe mashambani na kuacha kulala kwenye vibanda vya chini visivyo na ukuta. Dungu lililoinuliwa juu na lenye kuta imara, moto usiozimika, na mtoto asiyetumwa peke yake kujisaidia gizani kati ya Machi na Mei, ni mambo yasiyohitaji baruti wala leseni. Familia za shamba moja na jingine zinazoamia kwa zamu ya pamoja hupata pia usiku wa kulala nyumbani, na watoto wao hufika shule asubuhi.